Kukata Kipande Kilicholetwa na Mteja: Programu Ipi Inastahili Hela Yako

Mteja amekutumia faili la kipande alichokitoa kwenye katalogi ya kiwanda: reli ya alumini ya mita 3, au mota, au beringi yenye nyumba yake. Wewe unahitaji sentimita 60 tu za reli hiyo, na kwenye mota hutaki skrubu za ndani wala nyaya, maana zinaifanya kompyuta ijikokote. Ukiuliza watu, mmoja atakutajia programu ya mamilioni, mwingine atakuelekeza kwa kijana anayeweka programu yoyote kwenye laptop kwa hela ya chakula cha mchana. Kabla hujamsikiliza hata mmoja wao, jua kwanza unanunua nini.

Kupunguza kipande kilichochorwa kwenye programu nyingine kuna hatua tatu: kulifungua faili, kukata usichokitaka, na kulitoa faili likiwa katika hali ambayo karakana nyingine inaweza kulitumia. Hatua ya kwanza karibu kila programu inaifanya bure. Ya pili inafanyika vizuri hata kwenye programu zisizouzwa. Ya tatu ndiyo inayodaiwa hela, na wengi hulijua hilo wakiwa wameshamaliza kukata, mwenye mashine ya CNC anawasubiri.

Kwa hiyo ukiwa na hela kidogo, swali la kumuuliza muuzaji ni moja: nikishakata, nitaruhusiwa kulitoa faili kwa muundo gani, na kwa malipo gani? Mengine yote atakayokuonyesha, rangi na kivuli na kipande kinachozunguka kwenye kioo, ni ya baadaye.

Tazama herufi za mwisho

Bei ya kazi yako inaamuliwa zaidi na herufi zilizo mwishoni mwa jina la faili kuliko na programu yenyewe.

Zikiwa STEP au STP, umepona. Huu ni muundo wa kimataifa, ISO 10303, uliotoka mara ya kwanza mwaka 1994, na haufungi mtu kwenye programu ya kampuni moja. Ndani yake umbo ni kamili: nyuso, kingo na matundu, kila kimoja na kipimo chake halisi. Kinachokosekana ni historia ya uchoraji. Hutaona kwamba tundu lilichorwa baada ya bamba, wala hutaweza kubadilisha namba moja kipande kikajirekebisha chenyewe. Unapokea donge. Lakini kazi yako ni kukata, na donge linakatika.

Zikiwa IGES au IGS, huo ni muundo wa zamani zaidi, wa mwaka 1980, na mara nyingi kipande hufika kama ngozi zilizopakana badala ya umbo lililojaa. Lazima uzishone kwanza, na pengo dogo tu linatosha kuifanya programu ikatae kukata. Usilipe mtu kushona. Mwandikie aliyekutumia: "Bosi, naomba hiyo hiyo kwa STEP." Kwa kawaida kitufe anacho, na hakimgharimu kitu.

Zikiwa STL, hapo pana gharama. STL ilianza mwaka 1987 kwa ajili ya printa za 3D, na kila umbo ndani yake ni wavu wa pembetatu. Duara la tundu si duara tena, ni vipande vingi bapa vilivyopangwa kwa mzunguko. Ukiulazimisha wavu huo uwe umbo lililojaa, kila pembetatu inageuka kuwa uso unaojitegemea, na kipande cha pembetatu laki moja kitaisimamisha kompyuta yenye nguvu kuliko yako. Watu wanatoza hela nzuri kubadilisha STL kuwa STEP. Ukilipia, unachopata mara nyingi ni wavu ule ule umevikwa jina jipya. Ni afadhali kupima kipande na kukichora upya, hasa kama ni bamba lenye matundu manne.

STL pia haibebi kipimo. Namba 10 ndani yake inaweza kuwa milimita 10 au inchi 10. Kwa hiyo kabla ya kukata chochote, pima kitu kimoja unachokijua kwa hakika. Beringi yenye nyumba ya namba UCP204, ambayo mafundi wa mashine za kusaga na kukoboa wanaijua, ina milimita 95 kutoka katikati ya tundu moja la boliti hadi katikati ya la pili. Programu ikisoma 3.74, umeletewa inchi. Kuza mara 25.4, kisha endelea. Mota ya NEMA 23 nayo ina milimita 47.14 kati ya matundu yake. NEMA 17 ina 31. Ziandike ukutani.

Na kama faili lina herufi za programu fulani ya kulipia, usikimbilie kununua programu hiyo ili ulifungue. Omba STEP. Kuna watu wamelipa usajili wa mwaka mzima kwa kazi ya ujumbe mmoja wa WhatsApp.

Njia mbili za bure ambazo hazihitaji programu mpya

Ya kwanza ni katalogi yenyewe. Viwanda vingi vinavyouza reli, shafti, skrubu ndefu na mikanda huweka kisanduku cha kuandika urefu kabla ya kupakua faili. Andika 600, upate faili la milimita 600, limekatwa tayari. Mteja aliyekuletea mita 3 huenda aliacha namba iliyokuwepo. Waulize watu wa karakana, wengi hawajawahi kukigusa kisanduku hicho.

Ya pili ni kwa wenye printa ya 3D. Kama kipande kinakwenda kuchapwa na hakirudi kwenye mchoro, usifungue programu ya kuchora kabisa. Programu ile ile ya bure inayoandaa kazi ya printa, inayogawa umbo katika tabaka, siku hizi ina kisu: unashusha bapa pale unapotaka, unakata, unaacha upande mmoja. Nyingine zinaweka hata vijiti na matundu ya kuunganishia pande mbili ukitaka kuzigundisha baadaye. Ni kazi ya dakika chache. Hapa STL si tatizo, kwa sababu printa inataka wavu huo huo.

Nitoke nje ya kompyuta kidogo, maana hapa watu wanapoteza alumini. Kisu cha programu hakina unene; msumeno unao. Reli ya milimita 3,000 kwenye kioo inatoa vipande vitano vya 600 bila kubaki kitu. Kwenye msumeno wenye unene wa milimita 3, mikato minne inakula milimita 12, na kipande cha tano kinatoka kifupi. Umenunua reli ya pili kwa ajili ya milimita 12. Kama muundo unaruhusu, kata kila kimoja kwa 597: vipande vitano ni 2,985, msumeno 12, jumla 2,997. Hakuna programu ya bei yoyote itakayokukumbusha hilo usipoiambia.

Programu huria

Sasa kama kweli unahitaji programu, anza na isiyouzwa. Nitaitaja moja kwa jina kwa sababu hakuna anayepata kamisheni: FreeCAD. Ilianza mwaka 2002, ikafika toleo la 1.0 Novemba 2024, inaingia kwenye Windows, Linux na Mac, na leseni yake inakuruhusu kufanya kazi ya biashara bila kikomo cha mapato wala cha idadi ya mafaili. Inafungua STEP, inakata, inatoa STEP. Milango yote mitatu iko wazi.

Kukata kwenyewe hakuna uchawi. Unafungua kipande, unachora boksi linalofunika sehemu usiyoitaka, unachagua kipande kwanza kisha boksi, unabonyeza kata. Programu inatoa boksi kwenye kipande kama unavyotoa namba. Mpangilio wa kuchagua ni muhimu. Ukianza na boksi utabaki na boksi lenye tundu la umbo la mota. Kwa mota au beringi iliyokuja na vipande vingi ndani, usikate kabisa: fungua orodha ya vipande pembeni, futa golori, futa nati, futa nyaya, bakiza ganda na matundu ya boliti. Faili linapungua uzito papo hapo.

Udhaifu wake ni muda wako. Vitufe vimepangwa kwa mantiki ambayo lazima uizoee, na faili kubwa la mashine nzima linaifanya ipumue kwa shida. Kuna kazi moja pia ambayo inaisumbua: kufuta kingo zilizoviringwa na matundu ili uso urudi bapa kama vile havikuwahi kuwepo. Zana ya kazi hiyo ipo, ila wakati mwingine inakubali, wakati mwingine inakataa. Hapo ndipo programu za kulipia zinakula ujira wao kihalali.

Tukubaliane basi. Mkato ulionyooka, kupunguza urefu, kutoa robo ya bamba, kufuta vya ndani: huria inatosha, na sioni sababu ya kulipa. Kazi ya kila wiki ya kufuta kingo na kuponya nyuso kwenye vipande tata: soma mbele.

Bure zenye masharti

Kuna programu zinazofanya kazi ndani ya kivinjari, bila kusakinisha kitu. Faida yake kwa mwenye laptop dhaifu ni kubwa, kwa sababu hesabu nzito inafanyika kwenye kompyuta za kampuni. Lakini mpango wa bure wa aina hii kwa kawaida unafanya kila mchoro wako uonekane na yeyote duniani, na haukuruhusu kazi ya biashara. Kama mteja wako ana kipande chake cha siri, umekwisha kukianika. Bando likiisha, kazi imesimama. Umeme ukikatika, angalau mchoro uko salama huko uliko. Hilo nalipa sifa zake.

Kundi la pili ni leseni za bure za mtu anayejifunza au anayejifurahisha nyumbani. Programu hizi ni nzuri kweli, na kisu chake ni kikali. Masharti ndiyo ya kusoma. Moja iliyo maarufu inakuwekea kikomo cha hati 10 zinazoharirika kwa wakati mmoja, na inataka mapato yako ya kazi hiyo yasivuke dola 1,000 kwa mwaka. Fundi anayepokea kazi mbili tatu kwa wiki anavuka hapo bila kujua.

La kukutia wasiwasi zaidi ni kwamba masharti haya yanabadilika ukiwa ndani. Mwaka 2020 kampuni inayotoa leseni hiyo ilitangaza kwamba watumiaji wa bure hawatatoa tena mafaili ya STEP. Watu walipiga kelele, ikarudi nyuma kwenye hilo. Safari hiyo kelele zilisaidia. Usijenge karakana juu ya ukarimu ambao mwenye nao anaweza kuuondoa kwa barua pepe moja. Kila kazi ikiisha, toa nakala ya STEP uiweke kwenye diski yako.

Leseni za wanafunzi ni za kusomea. Mwanafunzi wa VETA au chuo kikuu anazipata kwa kuthibitisha masomo yake, kwa mwaka mmoja unaohuishwa, na haziruhusu kazi ya kulipwa. Zipo pia za bei ya chini sana kwa mafundi wa nyumbani, chini ya dola 100 kwa mwaka. Tahadhari na hizi: moja inatia alama iliyofichika ndani ya kila faili, na toleo la biashara la programu hiyo hiyo linakataa kulifungua. Umelipa kidogo, ukapata faili ambalo mteja wako mwenye programu halali ya bei kubwa hawezi kulitumia.

Za kununua mara moja

Kampuni nyingi kubwa zimeacha kuuza leseni za kudumu; mwaka 2016 ndio wengi walioona mlango huo ukifungwa kwenye programu walizozizoea. Lakini zimebaki ndogo ndogo zinazouzwa mara moja, kati ya dola 150 na 300 hivi, na kwa fundi wa huku nadhani ndizo zinazosahaulika isivyo haki. Baadhi hazijali historia ya mchoro kabisa. Unashika uso, unauvuta au kuusukuma, unafuta ukingo, unakata kwa bapa. Hiyo ndiyo kazi hasa ya donge lililotoka kwingine.

Angalia mambo mawili kabla ya kulipa. Toleo la bei ya chini mara nyingine limepunguziwa aina za mafaili, kwa hiyo hakikisha STEP imeandikwa kwenye kuingiza na kwenye kutoa pia, si upande mmoja. Pili, "ya kudumu" humaanisha programu itaendelea kufunguka. Maboresho kwa kawaida ni ya mwaka mmoja, baada ya hapo unalipa tena ukiyataka. Kwa kukata reli na mota, hutayahitaji.

Usajili wa mwaka, na hesabu yake kamili

Hapa ndipo tangazo na risiti huachana. Tuchukue usajili wa dola 680 kwa mwaka, bei ya kawaida kwa programu za daraja la kati. Za juu zinaanzia dola elfu moja na nusu na kuvuka elfu mbili. Tukadirie dola moja ni shilingi 2,500 za Tanzania au 130 za Kenya. Angalia kiwango cha siku yako.

Tanzania: 680 ni shilingi 1,700,000. Ongeza VAT ya asilimia 18, yaani 306,000. Sasa ni 2,006,000. Benki au kampuni ya simu iliyotoa kadi yako haibadilishi dola kwa bei ya Benki Kuu. Tuseme inachukua asilimia 3, ni 60,180. Jumla 2,066,180. Kenya: 88,400, VAT ya asilimia 16 ni 14,144, kadi 3,076, jumla 105,620. Yaani juu ya bei uliyoiona, karibu moja ya tano imeongezeka, na hujakata hata milimita.

VAT hii ni halali na kampuni nyingi za nje sasa zinaikata zenyewe. Kama biashara yako imesajiliwa VAT, jaza namba yako ya mlipakodi wakati wa kununua na utunze ankara, kisha muulize mhasibu namna ya kuihesabu. Asiye na usajili anaibeba yote.

Halafu kuna mwezi dhidi ya mwaka. Programu ya aina hiyo ikiuzwa dola 85 kwa mwezi, miezi minane inafikia dola 680. Kwa hiyo kama una mradi mmoja wa miezi miwili, lipa kwa mwezi kisha ufunge. Utatumia dola 170. Ukijua utaitumia zaidi ya miezi minane, mwaka ni nafuu. Mtego uko kwenye maneno "mwaka, unalipwa kila mwezi". Huo ni mkataba wa mwaka uliokatwakatwa, na ukitoka mwezi wa tatu unaweza kudaiwa sehemu ya miezi iliyobaki.

Usajili ukiisha, mafaili yaliyo katika muundo wa programu hiyo yanabaki kwako lakini ufunguo umeondoka. Na hata ukiwa unalipa, faili lililohifadhiwa kwenye toleo la mwaka huu kwa kawaida halifunguki kwenye toleo la mwaka jana la programu hiyo hiyo. Karakana ya pili ikiwa na toleo la zamani, mnarudi kwenye STEP.

Kumlipa mtu akukatie

Watu wanaliona hili kama kushindwa. Mimi naliona kama hesabu. Tuseme kijana anayejua michoro anakutoza shilingi 30,000 kwa kazi ya kufungua, kukata na kukurudishia STEP. Usajili wa hapo juu wa 2,066,180 unalingana na kazi 68 na chenji. Kama unaletewa vipande vinne kwa mwezi, mwaka mzima ni 48. Hujafika.

Mpate wapi? Anzia kwa wahitimu wa VETA na vyuo vya ufundi, au mahali penye watengenezaji wenye mashine za pamoja, kama Buni Hub pale COSTECH Dar es Salaam, au Fab Lab ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Ukikubaliana bei, kubaliana pia marekebisho mangapi yako ndani ya bei hiyo, na kwamba utapewa STEP, si picha wala PDF. Picha ya kipande kilichokatwa haiendeshi mashine.

Programu ya kwenye fleshi

Huyu kijana wa bei ya chakula cha mchana namjua, unamjua. Nitasema bila kuhubiri. Programu iliyovunjwa kufuli inakuomba uzime ulinzi wa kompyuta kabla ya kuisakinisha, na kompyuta hiyo hiyo ndiyo yenye mafaili ya wateja na akaunti yako ya benki. Programu kadhaa kubwa hutuma taarifa kwa kampuni inayozimiliki zikiona leseni ya bandia, na madai ya kisheria huja kwa jina la biashara yako, si la kijana wa fleshi. Sheria za hakimiliki zipo Kenya na Tanzania.

Lakini sababu ya kifedha inanitosha: kwa kazi hii hasa ya kukata, unachoiba kinapatikana bure kwa njia halali. Unabeba hatari kwa ajili ya kitufe ambacho FreeCAD inacho.

Kompyuta na bando

Usinunue laptop mpya bado. Kwa kukata vipande vya kawaida, RAM ya GB 8 inasukuma kazi, GB 16 inatulia. Ukiwa na laptop ya mtumba yenye diski ya zamani inayozunguka, badilisha diski iwe SSD na uongeze RAM. Ni sehemu ndogo ya bei ya laptop nyingine, na kila programu unayoifungua itanufaika. Kabla ya kununua RAM, fungua kifuniko uhakikishe kuna nafasi, maana baadhi ya laptop nyembamba RAM yake imeunganishwa moja kwa moja kwenye bodi.

Na bando: programu huria ni ya mamia ya megabaiti. Za kulipia huwa gigabaiti kadhaa, nyingine zinavuka kumi, na maboresho yake hushuka usiku bila kukuuliza. Pakua kwenye Wi-Fi ya chuo au ofisi, si kwenye bando la simu.

Mchoro bapa wa leza na plasma

Kama unachokata ni bamba tu, huhitaji programu ya 3D. Programu ya bure ya mistari inayofungua DXF inatosha. Ukiletewa DWG, omba DXF. Ni kitufe kile kile cha kuhifadhi kwa jina jingine.

Wengi hukwama hapa: wameleta mchoro wa mtu ndani ya mchoro wao, wanabonyeza kata, mstari haukatiki. Sababu ni kwamba mchoro ulioingizwa unahesabiwa kama kitu kimoja, bloku. Uvunje kwanza uwe mistari, kisha ukate. Kama umeunganishwa kutoka faili jingine, ufunge ndani ya faili lako kabla ya kuuvunja. Hakuna haja ya kununua chochote.

Gharama iko baadaye, kwa mwenye leza. Ukishavunja bloku na kukata, hubaki vijistari vidogo visivyoonekana na mistari miwili iliyolaliana. Mashine haijui kwamba ni mmoja. Inapita mara mbili. Kama unatozwa kwa mita au kwa dakika, umelipa mara mbili na ukingo umeungua. Tumia amri ya kufuta mistari iliyorudiwa, kisha ile ya kuunganisha mistari, halafu bonyeza mzunguko wa nje: ukichaguka wote kwa mguso mmoja na sifa zake zikasema umefungwa, uko salama. Ukichaguka nusu, kuna pengo, na mhudumu wa leza atakutoza kuliziba.

Kazi ya kesho

Kama faili ni STEP na mkato umenyooka, sakinisha huria leo jioni. Kama ni STL ya kuchapa, tumia kisu cha programu ya printa. Kama kipande ni tata na mteja anataka kesho asubuhi, mlipe mtu. Kujifunza programu mpya usiku wa kuamkia siku ya kukabidhi kazi ni ghali kuliko 30,000. Kama kazi tata zinakuja kila wiki, nunua ile ya mara moja ya dola mia mbili hivi kabla ya kufikiria usajili, na uijaribu kwanza kwa toleo la majaribio ukitumia faili halisi la mteja, si lile la mfano linalokuja nalo. Lifungue, likate, ulitoe, kisha mpe mwenye CNC alifungue kwake. Akishindwa, hujapoteza kitu.

Kabla ya kukata, hifadhi nakala ya faili lililoletwa bila kuligusa, lenye tarehe kwenye jina lake. Mteja akibadili urefu, unaanza pale na si kwenye kipande ulichokwisha kukikata. Na ukijiunga na majaribio yaliyotaka namba ya kadi, zima malipo ya kujirudia siku hiyo hiyo na upige picha ya ukurasa unaothibitisha. Kwenye programu nyingi majaribio yanaendelea hadi siku yake ya mwisho hata ukiwa umezima. Zilizo tofauti huandika hivyo chini ya kitufe, kwa herufi ndogo.